Weka Bisibisi Chini Kwanza

Hotuba hii ilitolewa Arusha mbele ya vijana wa ufundi, wazazi na madereva wadogo wa gokati, vile vigari vidogo vya mashindano. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ubaoni tumeiacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, vijana wa ufundi, na ninyi madereva wadogo mliokaa mbele na helmeti zenu mapajani. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Naona sasa nimemgusa kila mmoja.

Nimeombwa nizungumzie gokati isiyowaka, pamoja na mwenzake, ile inayowaka vizuri lakini haikai sailensa, yaani haingurumi polepole yenyewe: ukiondoa mguu kwenye pedali tu, imezima. Hayo mawili ndiyo yanayotumalizia Jumamosi zetu. Mtoto kavaa, glavu kafunga, baba kalipia petroli, mama kafungasha chakula, halafu mchana kutwa tunavuta kamba.

Niwaulize. Injini ikigoma, mkono wako wa kwanza unakwenda wapi? Semeni ukweli, hapa hakuna polisi. Nasikia huko nyuma: kabureta! Naam. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na bisibisi mkononi. Robo mzunguko huku, nusu mzunguko kule, vuta kamba, bado, robo nyingine. Baada ya dakika kumi una matatizo mawili. Moja ni lile la mwanzo, ambalo hujalijua bado. La pili umelitengeneza mwenyewe, na hilo litakusumbua hata lile la kwanza likishapona.

Kwa hiyo nimekuja na neno moja: weka bisibisi chini. Sijasema uitupe. Nimesema iweke chini kwanza, uiulize injini maswali kwa mpangilio, ikujibu, ndipo uiokote.

Kabla sijaingia ndani, niseme jambo kwa vijana wanaoona haya kwa sababu gokati yao inasukumwa na injini ya pampu ya maji. Msione haya. Gokati ya kwanza, mwaka 1956, kule California, Marekani, iliundwa na Art Ingels akisaidiana na mwenzake Lou Borelli. Ingels alikuwa fundi wa Kurtis Kraft, watu waliokuwa wakiunda magari ya mashindano ya Indianapolis. Mtu wa namna hiyo, anayeshika magari makubwa kila siku, alipotaka kujichezea alichukua injini ya West Bend ya mashine ya kukatia majani. Nguvu farasi mbili na nusu! Miaka michache baadaye kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa chenso za kukatia magogo, ikaanza kutengeneza injini za gokati. Ishikeni hiyo chenso, nitaihitaji mbele.

Haya. Swali la kwanza kwa injini: je, umeruhusiwa kuwaka?

Mnacheka. Vijana fulani, siwataji na hawapo hapa, walikuwa na gokati yenye injini ya mipigo minne ya aina ya Honda GX200, hii tunayoiona kwenye pampu na mashine za kuchanganyia zege. Asubuhi moja ikakataa. Plagi ikabadilishwa. Kabureta ikafunguliwa, ikapulizwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Koili, ile inayotengeneza moto wa plagi, ikaazimwa kwa jirani. Hakuna. Pembeni alikaa mzazi mmoja, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, anamwagilia kwa pampu yenye injini ya aina hiyohiyo. Amenyamaza muda mrefu kwa heshima ya mafundi. Mwisho akauliza kwa upole: "Wanangu, oili mmeangalia?"

Oili ilikuwa chini. Na injini nyingi za aina hiyo zina sensa ndani ya krankesi, lile kasha la chini la injini. Oili ikipungua, sensa inakata moto wa plagi ili injini isijiue. Injini ilikuwa nzima. Ilikuwa inakataa kufa, na wale vijana wakaona ni ugonjwa. Injini hiyo inabeba oili kama lita 0.6 tu, ni kikombe, wala si debe. Ikivuja kidogo kwa wiki mbili imefika chini. Na kwenye gokati kuna la zaidi: ukikata kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, sensa inadhani imeisha, moto unakatika katikati ya kona. Ukitaka kujua kama sensa ndiyo inayokata, hakikisha kwanza oili ipo, kisha chomoa waya wake kwa muda, kwa kupima tu, uone kama moto unarudi.

Kwa hiyo kabla ya kushika kifaa chochote: oili ipo? Swichi ya kuzimia iko upande gani? Waya wake haujachunika ukagusa fremu? Bomba la mafuta limefunguliwa? Choki iko wapi? Waya wa swichi ya kuzimia ni mchawi mkubwa kwenye gokati, kwa sababu fremu inatetemeka na kila tetemeko linausugua. Ukigusa chuma, moto umekwisha. Tenganisha waya huo na koili, jaribu tena. Moto ukirudi, umemaliza kazi na hukuchafua mikono.

Swali la pili: moto upo?

Hapa kuna ibada tunayoifanya wote: kuchomoa plagi, kuiweka kwenye chuma cha injini, kuvuta kamba, kuangalia cheche. Ni ibada nzuri, ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni hatari: watu huishikilia plagi karibu na tundu lake huku injini imejaa petroli. Mvuke unatoka kwenye tundu, cheche iko pale pale. Nimeona nyusi zikiungua. Peleka plagi mbali na tundu, upande wa pili wa injini, na usiishike kwa vidole vitupu. Na awepo mtu mwenye ndoo ya mchanga, si ndoo ya maji, maana petroli inaelea juu ya maji inakwenda nayo.

Mtego wa pili ni huu: cheche inayoruka nje si ushahidi kwamba itaruka ndani. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche hupata taabu zaidi kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Plagi iliyochoka itakuonyesha mwanga mzuri mkononi, ukiirudisha ndani inanyamaza. Ndiyo maana kila sanduku la fundi wa gokati lazima liwe na plagi moja unayoijua, uliyoiona ikifanya kazi. Sikusema plagi mpya. Mpya inaweza kuwa feki, na ninyi mnajua maduka yetu. Nasema unayoijua.

Ukiwa umeichomoa, isome. Ni kavu kabisa baada ya kuvuta kamba muda wote huo? Mafuta hayafiki. Imelowa inachuruzika? Mafuta yanafika, tena yamezidi, au moto haupo wa kuyachoma. Nyeusi yenye masizi? Mchanganyiko mzito, au filta ya hewa imeziba kwa vumbi letu hili la Arusha. Nyeupe, imepauka, kama ina vijipovu kwenye ncha? Hapo simama. Usivute kamba tena. Injini hiyo inakula hewa kuliko mafuta, na nitawaambia baadaye inaishia wapi.

Kama imelowa, inamaanisha umeizamisha. Funga mafuta, acha plagi nje, kanyaga pedali mpaka mwisho, zungusha injini mpaka ipumue. Injini ya mipigo miwili inahifadhi petroli hadi chini kwenye krankesi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kama ni kavu, kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Matone machache ya mafuta yako, kwa bomba la sindano, ndani ya tundu la plagi. Si kijiko, matone. Rudisha plagi, vuta. Ikishtuka, ikaunguruma sekunde mbili ikafa, umejibiwa maswali matatu kwa mkupuo: moto upo, kompresheni ipo, yaani silinda inabana hewa, na moto unakuja kwa wakati wake. Kilichobaki ni njia ya mafuta peke yake. Sekunde mbili za mngurumo zimekuokolea mchana mzima. Isiposhtuka hata kidogo, kabureta haihusiki, iache jamani! Iache ilivyo.

Sasa tuingie kwenye mafuta, maana huko ndiko tunakopigana.

Nirudie ile chenso. Mkata magogo anaigeuza juu, chini, ubavu. Kabureta ya kawaida yenye boya, kama ya pikipiki, ikigeuzwa hivyo inamwaga au inakauka. Ndipo ikatumika kabureta ya utando: hakuna boya, kuna ngozi nyembamba zinazocheza. Injini za gokati zikairithi, maana kwenye kona nako mafuta yanatupwa upande. Yamaha KT100, injini ya cc 100 ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa, inatumia kabureta ya Walbro ya namna hiyo. Rotax MAX ya cc 125 inatumia Dell'Orto yenye boya. Ijue yako ni ipi kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu, maana ushauri wa boya ukiupeleka kwenye utando umepotea.

Kabureta ya utando ina ngozi mbili. Moja ni pampu: pistoni ikipanda na kushuka, mapigo ya hewa ya krankesi yanaisukuma ngozi hii, nayo inavuta mafuta kutoka tangini. Ngozi ya pili ndiyo mpimaji: injini ikivuta, ngozi inasogea, inabonyeza kimkono, kimkono kinainua sindano, mafuta yanaingia. Sasa jiulizeni. Gokati imekaa stoo tangu shule zifungwe. Petroli imekauka ndani, imeacha gundi. Ngozi imekakamaa kama karatasi. Itasogea? Haisogei. Sindano itainuka? Haiinuki. Na wewe umesimama nje unazungusha skrubu! Skrubu inapunguza au kuongeza mafuta yanayopita. Hayapiti, utapunguza nini?

Ngozi mpya na sindano safi zinaponya gokati nyingi zilizolala. Ukifungua, piga picha kwa simu kila hatua, maana gasketi na ngozi vina mpangilio wake. Ukivibadilishana, tundu la mapigo linazibwa na pampu inakufa. Na skrubu zile mbili za mafuta, ya mwendo wa chini na ya mwendo wa juu, kabla hujazitoa, zifunge taratibu mpaka zigote huku ukihesabu mizunguko, andika hesabu hiyo kwa kalamu kwenye tangi. Taratibu! Ncha ya skrubu ni laini. Ukiikaza kwa nguvu za kufungia tairi, umeharibu kiti chake na kabureta haitakaa sawa tena. Kwenye Walbro ile, kufunga ni kupunguza mafuta, kufungua ni kuongeza.

Halafu kuna hadithi ya mti. Gokati ya mtoto mmoja ilikuwa inawaka vizuri, inazunguka, ikifika karibu na mjakaranda ulioko upande wa pili wa kiwanja, inakohoa na kufa. Ukiisubiri kidogo inawaka tena, inazunguka, inafia mtini. Mafundi wakabadilisha jeti, kile kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta. Wengine wakaanza kuuangalia ule mti kwa jicho baya. Aliyegundua ni mama wa mtoto, si fundi, ila alikuwa na kazi moja tu ya kuangalia. Akasema: haifii mtini kila mara, ikianza na tangi limejaa inafia karibu zaidi, na mkifungua kifuniko kuongeza mafuta ndipo inapona.

Mmeshaelewa, wengine. Mpira wa kupumulia wa tangi ulikuwa umebanwa chini ya mkanda wa plastiki. Mafuta yanatoka, hewa haiingii mahali pake, tangi linajivuta lenyewe, mpaka pampu ya kabureta inashindwa. Kifuniko kilipolegezwa kikatoa "fyuuu". Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, ndiyo maana gokati ilikuwa inafa mapema. Wazazi, ninyi ndio mnaoona mpangilio wa ugonjwa. Inafa ikiwa baridi au ya moto? Baada ya muda gani? Kwenye kona au kwenye mstari? Mwambieni fundi hivyo, msimwambie "kabureta mbovu".

Kuhusu petroli yenyewe, nitasema kwa kifupi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umezidi, lakini kidumu ulichonunua njiani hakuna anayekikagua. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Injini ya baridi itakataa kushika, na ikishika itagonga. Dondoshea petroli kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke. Ikibaki alama ya mafuta, usiitumie. Fanya hivyo kabla ya kuchanganya oili, maana baada ya hapo alama utaiona tu. Na oili changanya kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Rotax MAX inataka asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Usiongeze "kwa usalama" kwa kukisia. Ukizidisha oili umepunguza petroli iliyomo kwenye kila tone.

Sasa hewa. Hapa nitakaa, mwenyekiti, ukiniona nimezidi niinulie mkono.

Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Injini iliyopimiwa pwani ukiileta huku, inavuta hewa nyepesi, lakini jeti yake haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumimina mafuta karibu yale yale. Matokeo yake: moshi, plagi nyeusi, injini inabwabwaja, sailensa hakuna. Hapo kweli unapunguza mafuta, bisibisi au jeti ndogo, na inatulia. Nguvu iliyopungua kwa sababu ya hewa nyepesi hairudi. Wanaowauzia jeti ya kurudisha nguvu za pwani wanawauzia shaba tu.

Kupanda mlima kunachafua plagi. Kushuka ndiko kunakoua. Jamaa mmoja wa hapa hapa aliipima gokati yake ya mipigo miwili vizuri sana, kwa saa nyingi, mpaka ikawa inaimba. Akaipakia kwenye pikapu, akashuka nayo Tanga kwenye kiwanja cha marafiki. Ikawaka mvuto wa kwanza. Mizunguko ya kwanza ilikwenda kuliko ilivyowahi kwenda. Hewa nzito ya bahari, nguvu imerudi, watu wanapiga makofi. Wakampa dereva ishara aendelee. Kisha sauti ikawa kali, ya juu, kavu. Kisha kimya, matairi ya nyuma yamejifunga. Imenoki.

Kwa nini? Hewa imeongezeka, mafuta yamebaki ya Arusha. Mchanganyiko umekuwa mwepesi. Na kwenye mipigo miwili kuna jambo ambalo mtu wa magari hulisahau: oili inasafiri ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Joto limepanda, ulainishaji umeshuka, kwa wakati mmoja. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 660, na gesi inayowaka juu yake imezidi nyuzi 2,000. Kinachoiokoa pistoni ni mchanganyiko sahihi na oili. Ukishuka mlima, ongeza mafuta kwanza, halafu punguza kidogo kidogo ukisoma plagi. Uanze upande wa moshi. Masizi utayapangusa kwa kitambaa, pistoni iliyotoboka utaipangusa kwa nini?

Hewa ya pili ni ile inayoingia kwa mlango wa nyuma. Krankesi ya mipigo miwili ni sawa na pampu ya baiskeli: ikivuja, haisukumi kitu. Sili za kwenye shafti, moja nyuma ya fulawili na nyingine nyuma ya sproketi, zikichakaa, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Dalili zake mnazijua ila mmezipa jina la kabureta. Asubuhi inawaka kwa shida. Ikiwaka, haitulii. Unaachia pedali, mlio unabaki juu peke yake, haushuki, kisha unashuka ghafla na kufa. Ukiset sasa hivi, baada ya nusu saa imehama. Gokati ya namna hiyo ukiizungushia skrubu utazungusha mpaka mtoto ahitimu darasa la saba.

Kipimo chake mnakijua tangu utotoni kwa ziba pancha. Ziba ekzosi, ziba mahali pa kabureta, ingiza hewa kidogo, isizidi psi 7 maana sili si tairi, pakaza maji ya sabuni. Angalia sili zote mbili, gasketi chini ya silinda, gasketi ya kabureta, na mahali pa plagi. Povu likitoka, umempata. Badilisha sili, ndipo uokote bisibisi.

Kuhusu sailensa, mnivumilie nitoe siri. Kuna injini ambazo hazina sailensa na hazikupewa. Mzazi mmoja alinunua gokati iliyotumika, cc 100, ya mnyororo wa moja kwa moja, haina klachi. Akamrudia muuzaji kwa hasira: kila gari likisimama injini inazima! Muuzaji naye, badala ya kueleza, akaanza kuset kabureta. Siku mbili watu wazima wanatafuta kitu ambacho hakipo. Gokati isiyo na klachi inawashwa kwa kusukumwa au kwa stata ya nje, na magurudumu yakisimama, injini inasimama. Ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo kabla hujatibu sailensa, uliza kama hiyo injini ilipata kuwa nayo.

Yenye klachi, au ya mipigo minne, ni habari nyingine. Honda GX200 inatakiwa itulie kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Ikishindwa, na oili ipo, na hewa haivuji, kuna kajitundu ka jeti ya sailensa ambako chembe moja ya uchafu inatosha kukaziba. Kapulize, kaloweshe, usikachokonoe kwa waya wa chuma, utakapanua. Kisha pima valvu injini ikiwa baridi: ya kuingizia milimita 0.15, ya kutolea 0.20. Nafasi ikiisha, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, asubuhi inagoma.

Kompresheni ya mipigo miwili, kama huna geji, kidole gumba kwenye tundu la plagi na mwenzako avute kamba, kinatakiwa kirushwe. Waya wa plagi uwe umeukalisha kwenye chuma mbali kule, tumeshakubaliana. Na kamba ikikunyang'anya mkono, ikirudi nyuma kwa nguvu, acha kuvuta, fungua uangalie kii ya fulawili, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika kwenye shafti. Ikikatika hata kidogo, moto unakuja wakati usio wake. Cheche utaiona, petroli utainusa, na injini haitawaka.

Namwona mwenyekiti ameinua mkono. Nimalizie la usalama: ukiiwasha ikiwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yanazunguka na mnyororo uko wazi. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, shanga na kamba za kitambulisho zivuliwe, watoto wakae mbele ya gokati pembeni, kamwe wasikae nyuma.

Pale uani kuna injini tatu, na zote nimeziharibu makusudi jana jioni. Moja haiwaki, moja inawaka na kufa, moja haikai sailensa. Gaweni makundi. Kila kundi lina plagi moja ninayoijua, bomba la sindano, chupa ya maji ya sabuni na daftari. Bisibisi ninazo mimi mfukoni. Anayetaka moja aje aniambie kwanza ameona nini.